Sosi Iliyorudi

Mpishi wa kantini alifika na kreti la chupa mchana kweupe, saa ambayo wapangaji wote wako uani na wote wana macho. Hakupiga hodi. Alilitua kreti mlangoni, chupa zikagongana, akasimama kando yake mikono kiunoni akingoja atokewe. Huyu ndiye mpishi mkuu wa kiwanda cha magodoro, jamaa mnene mwenye roho nzuri, na kila wiki alikuwa akija hapo kuchukua sosi ya nyanya na kuondoka anaimba. Siku hiyo hakuwa na wimbo wowote.

Aliyetoka ni Mama Sosi. Mtaa ulimbatiza jina hilo tangu alipoanza kupika sosi, achari na pilipili za kusaga na kuziuza kwenye chupa zilizooshwa, na hata mumewe alikuwa ameshalizoea. Alitoka anafuta mikono kwenye kanga, tabasamu la biashara liko tayari usoni. Akaziona chupa. Zilikuwa zimejaa, isipokuwa mbili zilizopunguzwa shingoni, na tabasamu likamfia pale pale.

"Onja," mpishi akamwambia.

Hapo sasa ndipo penye kioja. Mama Sosi hakuwa na desturi ya kuonja sosi yake. Katika nyumba ile mpikaji alikuwa yeye, lakini mwonjaji alikuwa mama mkwe wake, ambaye wajukuu walimwita Bibi na wapangaji nao wakafuata. Tangu sufuria ya kwanza kabisa, Bibi alipiga marufuku mtu mwingine kuonja. Hoja yake ilikuwa kwamba wakionja wawili, huyu atasema chumvi, yule atasema sukari, watabishana mpaka nyanya ziungue. Basi Bibi alikaa kwenye kigoda chake na kijiko chake, akaonja, akaamuru kiongezwe hiki na kile, na akisema "fungeni" chupa zilifungwa. Na lazima tumpe haki yake: utaratibu huo ulikuwa umewafaa. Sosi ilikuwa haijawahi kurudi.

Mama Sosi akachovya kidole, akakiweka mdomoni. Chumvi ikampanda mpaka machoni. Hakutema, kwa kuwa jirani yake mshonaji alikuwa amesimamisha cherehani ili asikie vizuri.

Mpishi akamweleza, na sauti yake haikuwa ya siri. Wafanyakazi waliimwaga sosi ile kwenye wali na maharage, wakasukuma sahani. Mmoja aliuliza kama jikoni siku hizi wanakausha samaki. Msimamizi alimwita ofisini akamsema mbele ya karani, yeye, mtu mzima mwenye wajukuu. Alisema alimtetea sana Mama Sosi, akaapa kwamba alimtetea, ndiyo maana amepewa nafasi moja. Alhamisi asubuhi alete sosi iliyo sawa, ile ile waliyoizoea. Isipokuwa sawa, kantini itarudi kwenye sosi ya dukani.

"Sina ubaya na wewe, mama," alimalizia, akapunguza sauti wakati ambapo haikuwa na maana tena. "Lakini na mimi nina kazi ya kulinda."

Akaondoka. Cherehani ikaanza tena kulia, polepole, ili mwenye cherehani apate kufikiri.

Usije ukadhani ni jambo dogo. Majirani walinunua chupa moja moja, na wengi wao walinunua kwa maneno matamu na ahadi. Mume wa Mama Sosi alikuwa fundi bomba, na mabomba ya watu hayapasuki kwa ratiba. Kantini peke yake ndiyo iliyochukua kreti zima kila wiki, mvua au jua, na kwa kreti hilo Mama Sosi alilipa kodi ya vyumba vyao na kusimama kifua mbele. Kantini ikiondoka, yote yale ya kumenya, kuchemsha na kuchuja yangerudi kuwa kazi ya kujifurahisha tu.

Bibi alikuwa ndani muda wote huo anamenya vitunguu saumu. Alisikia kila kitu, maana ukuta ulikuwa ni mbao. Mkwe wake alipoingia na kreti, Bibi hakuinua macho. Alisema tu kwamba chumvi za siku hizi ni kali, hazina adabu, wanazisaga na vitu gani sijui.

"Huenda, Mama," Mama Sosi akajibu.

Jioni Fundi alirudi na mkoba wake wa spana, akasimuliwa. Akaletewa chupa na kipande cha mkate. Alichovya, akatafuna, macho yakamtoka, akanywa maji kikombe kizima na cha pili nusu. Kisha akamtupia mama yake jicho, akasema mbona nzuri tu. Fundi huyu angeweza kushuka kwenye shimo la maji machafu mpaka kifuani bila kukunja uso, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto wa shule.

*

Kesho yake Mama Sosi akaanza upya. Alinunua nyanya zilizoiva barabara, akazipasha kwenye maji ya moto mpaka maganda yakaachia, akazimenya, akazisaga na kuzichuja. Akakaanga kitunguu na kitunguu saumu kwa moto mdogo, akamimina nyanya, akatia karafuu chache na kijiti cha mdalasini, siki, sukari, pilipili na chumvi. Kisha akakoroga. Kukoroga sosi ni kazi ya mtu asiye na mahali pa kwenda: ukigeuka kidogo inashika chini, na ikishika chini umekwisha. Ilipoanza kuwa nzito na kurusha matone, Bibi akasogeza kigoda.

Akachota, akapuliza, akaonja. Akaangalia juu kama anayesikiliza redio ya mbali. "Chumvi bado."

Mama Sosi akaongeza. Bibi akaonja tena, akasema bado. Mama Sosi akaongeza tena, safari hii mkono ukiwa mzito. Akauchukua upawa akijidai anaenda kuusuuza bombani, na huko, akiwa amewapa mgongo waliokuwa uani, akaulamba. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu aanze biashara hiyo kuonja sosi ikiwa bado jikoni, naye aliilamba kama mwizi.

Chumvi ilikuwa imeshapita zamani.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri, na tusimlaumu sana. Aliwaza kwamba mama mkwe anamhujumu. Aliwaza kwamba kizee kimechoka kusikia watu wakisema sosi ya Mama Sosi, sosi ya Mama Sosi, na hakuna anayesema sosi ya Bibi. Alirudi jikoni amevimba, akaepua sufuria bila neno, akabandika chai. Na alipokuwa anamimina chai ya Bibi, mkono ukapita juu ya kopo la sukari bila kutua. Hakupanga. Alitaka tu kumwona akikunja uso, angalau kidogo, na yeye aonje adha ya kuharibiwa kitu.

Bibi alipiga funda, akatafuna midomo.

"Leo sukari umeimwaga," alisema. "Unataka kuniua, mke wa mwanangu?"

Mama Sosi akakaa chini pale pale kwenye sakafu. Kwanza alifurahi, maana ilikuwa si hujuma. Furaha hiyo ilikwisha hata chai haijapoa. Alimwangalia yule mama akinywa maji ya majani kwa kujikaza, akijilamba midomo ili aonekane anafaidi, hasira yote ikamtoka, akainuka kwenda kumtafuta mumewe.

*

Alimkuta mumewe kwenye bomba la uani, anabadilisha mpira wa koki. Akamwambia kwa kunong'ona. Fundi alikataa kwanza, akasema mama yake ana ulimi wa kupambanua nyanya za bonde na za mlimani. Mkewe akamwambia habari ya chai. Fundi akaacha koki ikivuja.

Wakakumbuka pamoja ile homa. Miezi miwili nyuma Bibi alilazwa kitandani na mafua yaliyomziba kila tundu, na alipoinuka alisema amepona. Tangu hapo alikuwa akila haraka haraka kama mtu anayemeza vidonge, na nguo zikaanza kumpwaya. Wao walisema ni uzee.

"Mwambie wewe," alisema Mama Sosi. "Ni mama yako."

"Nimwambie nini? Mama, ulimi wako umekufa, toka kwenye kigoda?" Fundi alitikisa kichwa. "Kile kijiko ndicho kinachomwamsha asubuhi. Nikimnyang'anya nimemzika."

"Na Alhamisi?"

Fundi aliitazama koki iliyokuwa ikivuja. Mtu aliyezoea mabomba huwaza kimabomba: pakiziba huku, unapitisha kule. Akashauri zipikwe sufuria mbili. Ndogo ipikwe nyumbani, Bibi aionje na kuitia chumvi mpaka roho yake itulie. Kubwa ipikwe kimya kimya chumbani kwa mshonaji, Mama Sosi aionje mwenyewe, na hiyo ndiyo iende kantini. Hakuna wa kuumia.

Mama Sosi hakuupenda mpango huo. Ulikuwa na harufu ya uongo, na kwenye uongo Fundi hakuwa fundi. Lakini hakuwa na mwingine. Mshonaji alipoelezwa alikubali kabla sentensi haijaisha, maana hakuna kitu alichokipenda kama kuwa ndani ya jambo.

*

Jumatano, basi, nyumba ile ikageuka kiwanda cha hila. Mama Sosi alikuwa na Bibi jikoni kwenye sufuria ndogo, anakoroga, anaitika "ndiyo, Mama", anaongeza chumvi anapoambiwa. Kila baada ya muda alipata udhuru: anakwenda kutupa maganda, anakwenda kuazima kichujio, tumbo linamsumbua. Kila udhuru ulimpeleka kwa mshonaji, ambako Fundi alikuwa analinda sufuria kubwa. Anaonja haraka, anatia kitu, anarudi mbio. Alipopita mara ya nne akishika tumbo, mpangaji wa chumba cha mwisho alimshauri anywe maji ya limau.

Bibi alikaa kwenye kigoda akimsubiri. Ulimi ulikuwa umekufa, pua nayo imekufa, lakini hesabu za jikoni zilikuwa hai kichwani mwake. Aliona nyanya zilizomenywa asubuhi ni nyingi, na zilizomo sufuriani ni chache. Aliona chupa tupu zilizooshwa hazipo kwenye rafu. Na tangu lini mkwe wake akaumwa na tumbo akawa anakimbilia kwa mshonaji? Akasimama, akajifunga mtandio, akasema anakwenda kuulizia gauni lake alilopeleka kupunguzwa. Mama Sosi alikuwa ameinama kuchochea mkaa. Alipoinuka, kigoda kilikuwa kitupu.

Bibi alisukuma mlango wa mshonaji bila hodi. Akamkuta mwanawe, fundi bomba mzima na mabega yake, amejifunga kanga ya mkewe kiunoni, jasho linamtiririka, anakoroga sufuria kubwa kwa mwiko. Mshonaji alikuwa anamshikia taa, ingawa kulikuwa na jua.

Mwiko ukasimama sufuriani. Kisha Fundi akafungua mdomo wake, na laiti asingeufungua.

"Rangi, Mama," alisema. "Nachanganya rangi ya ukuta."

Chumba kizima kilikuwa kinanuka kitunguu saumu, siki na mdalasini. Mshonaji alisema baadaye kwamba harufu ilikuwa imeingia mpaka kwenye vitambaa vya wateja. Mtu mwenye pua asingeweza kudanganywa kwa rangi hata akiwa usingizini. Bibi akasimama pale, akamwangalia mwanawe, na akaelewa kwamba uongo ule umekatwa na kushonwa kwa kipimo chake.

"Pua ndiyo imekufa, mwanangu," akasema taratibu. "Macho bado."

Akageuka akaenda zake. Fundi akabaki na mwiko mkononi, na yule aliyekuwa haogopi maji machafu akaanza kulia. Mshonaji akaupokea mwiko akaendelea kukoroga, maana jambo ni jambo na sosi ni sosi.

*

Mama Sosi alipofika chumbani kwa mama mkwe wake, begi lilikuwa wazi kitandani na kanga mbili zimeshakunjwa ndani. Bibi alikuwa ameshampigia simu binti yake, wifi yake Mama Sosi, mwenye nyumba ya vigae upande wa pili wa mji. Wifi alikuwa amesema anakuja na gari sasa hivi, na kwamba yeye alisema toka zamani mama ahamie kwake.

Mama Sosi akaomba radhi. Akasema wazo halikuwa baya, walitaka kumsitiri. Bibi aliendelea kukunja.

"Nimejua tangu homa," alisema bila kugeuka. "Siku ya kwanza nilisema itarudi. Ya pili nikasema itarudi. Nikawa naonja kwa mazoea, naangalia rangi, naangalia inavyodondoka kwenye kijiko. Nikifika kwenye chumvi nabahatisha."

"Kwa nini usituambie, Mama?"

"Niwaambie ili iweje? Humu ndani huyu anakwenda kwenye mabomba, wewe unapika, watoto wanasoma. Mimi naonja. Nikiacha kuonja mimi ni nani? Ni mdomo wa kulishwa. Na mdomo wenyewe hausikii unachokula." Akakaa kitandani, kanga ya tatu mapajani. "Chakula changu chote ni karatasi, mwanangu. Wali karatasi, nyama karatasi. Nimewaharibia kazi kwa kiburi changu. Acha niende."

Mkwe mwingine hapo angesema maneno ya kubembeleza, na Mama Sosi alikuwa nayo tele. Lakini alikuwa ametoka kuionja ile sufuria kubwa mara ya kumi, na hofu aliyotoka nayo huko ilikuwa kubwa kuliko adabu. Akasema lililomkaa.

"Ukienda nimekwisha. Siijui sosi yangu." Sauti ilimpasuka, na hasira ya miaka ikatoka nayo. "Watu wananiita Mama Sosi na sijui inatakiwa iweje. Hukuniruhusu hata siku moja. Nimeonja leo mpaka ulimi umekufa ganzi. Naona chumvi iko, naona sukari iko, inalika. Ila kama ndiyo ile, au siyo ile, sijui. Mpishi anataka ile ile. Na ile iko kichwani mwako, Mama, haiko popote pengine."

Bibi akamtazama. Hakuwa amewahi kusikia mkwe wake akimpandishia sauti, na ajabu ni kwamba haikumuudhi. Aliiona hofu ile, akaijua, maana yeye mwenyewe alikuwa amelala nayo miezi miwili. Pia alijisikia vibaya, kwa sababu lile la kutomruhusu lilikuwa kweli, na hoja yake ya watu wawili kubishana haikuwa sababu yote. Sababu nyingine ni kwamba aliona raha kuhitajiwa.

"Ilete," akasema.

Sufuria kubwa ikavushwa uani mchana kweupe, Fundi ameshika upande mmoja na mshonaji upande mwingine, wapangaji wote wakitazama. Ikabandikwa jikoni kwao. Bibi akakaa kwenye kigoda, na kile kijiko chake akampa mkwe wake.

"Chota kidogo. Usimeze haraka. Inawasha?"

"Inawasha."

"Wapi?"

Mama Sosi akafikiri, macho kayafumba. "Midomoni."

"Basi pilipili umeitia mwishoni ulipokuwa unakimbia kimbia. Haijaiva. Ile yetu inachelewa, unamaliza kumeza ndipo inakukumbuka. Punguza moto, iache ichemke. Siki je?"

"Sijui, Mama. Ni chachu tu."

"Uchachu uko wapi? Mbele ya ulimi, au hapa?" Bibi akanyoosha mkono, akambonyeza mkwe wake chini ya masikio, kwenye maungio ya taya. "Siki ikitosha, hapa panabana kidogo, mate yanakuja yenyewe. Pamebana?"

"Hapana."

"Ongeza. Kidogo. Koroga, ngoja, onja tena."

Wakaenda hivyo, swali na jibu. Sukari isiwe tamu, iondoe tu ukali wa nyanya, ukiisikia kuwa ni sukari ujue imezidi. Karafuu isikike ukivuta pumzi, si ukitafuna. Mama Sosi alijibu vibaya, akajibu tena, akaanza kujibu vizuri. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeingizwa kwenye chumba cha nyumba yake ambacho hakujua kipo. Bibi naye alimkazia macho mdomoni akimfuata kila funda, akasahau kabisa begi.

Wifi ndipo alipofika. Alipiga honi, akapiga tena, mwisho akaingia na miwani yake ya jua na funguo kidoleni, akisema gari limekaa pabaya. Mama yake akamwambia asubiri. Akasubiri amesimama. Baadaye akaambiwa kama amesimama tu basi afute chupa, na kitambaa kile pale. Alizifuta zote na kucha zake ndefu, akinung'unika, na alipoondoka jioni aliondoka na chupa moja na bila mama.

"Sasa?" Bibi akauliza kwa mara ya mwisho.

Mama Sosi akaonja. Akangoja. Pilipili ikamkumbuka akishameza, taya zikabana, na karafuu ikapanda na pumzi.

"Sasa, Mama," akasema. "Tufunge."

*

Alhamisi walikwenda wote wawili, Fundi akiwasukumia kreti kwenye mkokoteni. Bibi alisema anataka kunyoosha miguu. Mpishi aliwapokea kwenye mlango wa nyuma wa kantini, penye mapipa na magunia ya vitunguu, hakuwakaribisha ndani kama zamani. Alifungua chupa, akamimina kwenye kiganja, akalamba. Akalamba tena. Akawaita wasaidizi wake wawili nao walambe, na Mama Sosi akasimama pale kama mtuhumiwa anayesubiri hukumu kutoka kwenye viganja vya watu.

"Hii ndiyo," mpishi akasema, uso ukafunguka. Kisha, kwa kuwa alikuwa amesemwa ofisini na bado lilikuwa linamuuma, akauliza mbele ya wasaidizi, "Na ile nyingine ilikuwaje? Nani aliiharibu?"

Bibi akafungua mdomo.

"Mimi," alisema Mama Sosi upesi. "Mkono wangu. Nilikuwa na mawazo."

Mpishi akampa somo kidogo kuhusu kuweka akili kwenye kazi. Mama Sosi akaitikia ndiyo, baba, ndiyo, baba, mpaka likaisha. Bibi alikuwa anatazama magunia ya vitunguu. Wakashika njia ya kurudi. Fundi peke yake ndiye aliyeongea, akiusifu mkokoteni.

Mchana wakala wote mkekani, watoto wametoka shule. Ilikuwa siku ya kawaida: wali, maharage, mchicha kidogo. Bibi alichukua tonge, akalitia mdomoni, akaanza kulimeza kwa haraka yake ile ya siku hizi. Halafu akaacha. Akaweka mkono wake kwenye ukingo wa sahani.

"Maharage yakoje?" akauliza.

Watoto wakatazamana. Fundi akarukia, akasema matamu, Mama, matamu sana.

"Sikukuuliza wewe. Wewe kila kitu kitamu." Akamgeukia mkwe wake, mbele ya mwanawe na mbele ya wajukuu, na sauti yake haikujificha. "Niambie, mwanangu. Mimi sisikii kitu. Yakoje?"

Mama Sosi akachukua tonge. Alitafuna taratibu, kama alivyofundishwa, na hakuona haya kuchukua muda.

"Yameiva mpaka ndani," akasema. "Yanayeyuka. Kitunguu kimekaangwa mpaka kikawa na utamu, huo unaupata mwanzo. Chumvi imepungua kidogo, nimekosea. Halafu nyuma kabisa kuna tangawizi. Si kali. Inapasha koo tu."

"Tangawizi," Bibi akarudia.

Akachukua tonge lingine, akalitia mdomoni, na safari hii akatafuna polepole sana, macho amefumba, mpaka akameza.

"Na mchicha?" akauliza.